Risala ya Chama cha Afya kwa Mgeni wa Heshima

Daktari, mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: karibuni shuleni kwetu, hapa Eastlands, Nairobi. Daktari, tunajua zamu za hospitali zilivyo. Asante kwa kufika.

Mwaka huu chama chetu kimejifunza juu ya bakteria mmoja tu, stafilokokasi, kwa sababu tunaishi naye. Takriban mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila kuumwa. Shida huanza akipata upenyo: mkwaruzo wa uwanjani, chunusi iliyotumbuliwa, ngozi iliyochanwa na wembe. Hapo huota jipu jekundu, la moto, lenye usaha. Mara nyingi huishia hapo hapo. Akiingia kwenye damu ni jambo lingine: hukaa kwenye mfupa, mapafu, hata vali za moyo, na mgonjwa anaweza kufa.

Penisilini ilimweza miaka ya 1940, lakini punde akasambaa yule anayetoa kimeng'enya cha kuivunja. Mwaka wa 1959 ikaletwa methisilini, isiyovunjwa na kimeng'enya hicho. Kufikia 1961, Uingereza ikaripoti stafilokokasi asiyeisikia. Miaka miwili tu! Huyu, anayeitwa MRSA, ana protini tofauti ya kujengea ukuta wa seli yake. Dawa inafika, inakosa pa kushika, naye anaendelea kujenga. Amoksilini, ambayo nyumbani hutafutwa kwa kila kidonda, haimfanyi kitu. Si lazima awe mkali kuliko wenzake. Hatari ni siku zinazopotea mgonjwa akimeza dawa isiyomgusa, hadi atundikiwe dripu ya vankomisini, dawa inayomweza.

Tuseme wazi, wazazi mtuwie radhi: antibiotiki za kununuliwa kemisti bila karatasi ya daktari, vidonge viwili leo, vitatu pesa ikipatikana, zinatuponza. Mafua huletwa na virusi, hayazisikii kabisa. Ila bakteria waliomo mwilini huzipata: walio dhaifu hufa, walio sugu hubaki wakizaana.

Hapa shuleni, wachezaji wa raga hubadilishana taulo, na mashine moja ya kunyolea huzunguka darasa zima. Hilo la taulo tutalimaliza wenyewe. Jipu nalo tumekubaliana haliminywi: hufunikwa, likapelekwa kwa mhudumu wa afya alipasue. Dogo mara nyingi hupona kwa kupasuliwa tu.

Ombi letu kwako, Daktari, ni mambo mawili. Utusaidie kupata sabuni ya kudumu kwenye mabomba ya vyooni, maana maji tunayo. Pia utuombee ruhusa tutembelee maabara ya hospitali yako, tuone bakteria wa kwenye usaha wanavyooteshwa na dawa zikajaribiwa kabla ya mgonjwa kuandikiwa. Wanachama 12 wa Kidato cha Tatu wameshajiandikisha, na Mwalimu wa Baiolojia amekubali kuwasindikiza Ijumaa yoyote utakayotupangia.

Katibu,
Chama cha Afya