Tuuziwe rimu kwa namba zake zote, siyo inchi na nati tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa kwamba spesa za tairi, vile visahani vinavyowekwa kati ya rimu na gari, zipigwe marufuku nchi nzima maana zinaua vijana. Hasira yake naielewa kabisa, tairi likichomoka kwenye gari linalokimbia halichagui, linaweza kumpata mama wa watu amekaa pembeni ya barabara anauza mahindi yake. Ila yeye kaiweka kama vile spesa ndo chanzo cha kila kitu, na mimi niliyekaa na haya magari ya spoti muda mrefu, Impreza, Altezza, Celica, naona tatizo linaanza mapema zaidi, linaanza siku ile ya kununua rimu.

Ukienda Gerezani Kariakoo kuulizia rimu, swali ni lile lile, inchi ngapi, nati ngapi. Ukijibu 18 nati tano unaletewa mzigo, unachagua rangi, mnapatana bei, zinafungwa hapo hapo, basi umeondoka. Wakati rimu ina namba kadhaa ambazo zote lazima zikubaliane na gari, na hiyo nati tano peke yake haikwambii kitu. Chukua Subaru. Impreza WRX ya 2002 na Forester za kawaida za kipindi hicho ni 5x100, yaani nati tano na ule mviringo unaopita katikati ya matundu una kipenyo cha milimita 100. Impreza STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3, sawa na Altezza na Mark X za Toyota. WRX, Forester na STI zote nati tano, zote Subaru, na rimu haziingiliani. Sasa kwa vile rimu nzuri za 5x100 ni ngumu kupata na za 114.3 zimejaa, hapo ndo wanaingia mafundi wa kuchonga, wanachukua rimu wanatanua matundu mpaka yakubali. Hebu tupige hesabu, 114.3 ukitoa 100 ni 14.3, kwa hiyo kila tundu linatakiwa lisogee milimita 7 na kidogo kuelekea katikati, na bolti ya gari yenyewe ina unene wa milimita 12, maana yake tundu jipya linaingiliana na la zamani, linakuwa na umbo la yai, ule mteremko ambao nati inatakiwa ikalie upande mmoja haupo tena, nati imeshika nusu. Na hilo gari linaenda Morogoro na watu wanne ndani. Kama kuna kitu cha kukataza kesho asubuhi ni hicho, na wala siyo spesa.

Kuna namba nyingine haitajwi kabisa, tundu la katikati. Habu ya Subaru, yaani kile kitovu cha gari kinachofungwa rimu, ina kitako cha kuingia kwenye tundu hilo cha milimita 56.1, Altezza 60.1, RX-8 ya Mazda 67.1. Rimu nyingi za dukani zinatengenezwa na tundu kubwa la 73.1 ili ziingie magari mengi, na hilo siyo kosa, ila zinatakiwa zije na ringi ya kujaza lile pengo, ya plastiki ngumu au aluminiamu, na bei yake ukilinganisha na ya rimu ni ndogo sana. Bila ringi, rimu inategemea nati peke yake kuiweka katikati, sasa fundi akibana nati moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, au akishusha gari chini kabla rimu haijakaa sawa, inakaa upande kidogo tu, kwa macho huoni. Utaisikia ukifika 90 au 100, usukani unatetemeka, mtu anaenda balansi, anarudi, anaenda alaimenti, anabadilishiwa bushi, hela zinaisha, kumbe ilikosekana ringi.

Sasa tuje kwenye ofseti maana spesa inazaliwa hapa. Ofseti ni ile namba yenye herufi ET nyuma ya rimu, ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapogusana na habu. Namba ikiwa kubwa tairi linakaa ndani ya fenda, ikishuka linatoka nje. STI ya 2006 ilitoka kiwandani na rimu za 17x8 ET53, yaani kipenyo inchi 17 na upana inchi 8. Mtu akiweka 18x9.5 ET38, ambayo vijana wengi wa STI wanaipenda, upana umeongezeka inchi moja na nusu, yaani milimita 38, nusu yake 19 inaenda nje na 19 ndani, halafu ofseti imeshuka kwa 15 inazidi kuisukuma nje, kwa hiyo upande wa nje rimu imetoka milimita 34 na upande wa ndani imesogelea shokapu kwa milimita 4. Sentimita tatu na nusu nje! Hapo fenda lazima zikunjwe, na ukishusha gari tairi inakula fenda kila tuta. Lakini 18x8.5 ET45 inatoka nje milimita 14 tu, na ndani inapata nafasi zaidi ya ile ya kiwandani, gari linapendeza na hujagusa fenda. Hesabu ya dakika mbili na karatasi, ila lazima ujue ET ya rimu ya zamani na ya hiyo unayouziwa, na hiyo ndo namba ambayo muuzaji hakwambii na wewe hukumuuliza.

Spesa yenyewe ni kile kisahani cha aluminiamu kinachokaa kati ya habu na rimu. Ukiweka ya milimita 20 kwenye rimu ya ET53, umepata ET33, basi. Beringi haijui kama umeweka spesa au umenunua rimu ya ET33, mzigo unaoipinda ni ule ule, kwa sababu kinachohesabika ni tairi limekaa umbali gani kutoka kwenye beringi. Kwa hiyo wale wanaosema spesa inaua beringi halafu wenyewe wamefunga rimu za ET20 zinazochungulia nje ya fenda, wanafanya kitu kile kile kwa bei kubwa zaidi. Usukani pia hivyo hivyo, tairi la mbele likitoka nje sana linavuta mikono kila ukikanyaga shimo na linafuata mifereji ya malori barabarani. Hayo ni madhara ya ofseti, yalaumiwe mahali pake.

Kazi ya halali ya spesa ipo. STI zenye breki za Brembo zina kalipa kubwa mbele, ile sehemu inayobana diski ya breki, rimu ya inchi 16 haiingii, na hata baadhi ya rimu za 17 spoku zake zinagusa kalipa, hapo spesa ya milimita 3 au 5 inamaliza kazi. Au mtu ana rimu zake orijino za BBS hataki kuziacha, anataka zisogee kidogo zijaze fenda. Sawa. Swali ni spesa gani na imefungwaje, na hapa nakubaliana na msomaji yule kwamba mambo ni mabaya.

Hizi nyembamba za kupachika zinakula nyuzi za bolti. Nati ya M12, yaani ya bolti yenye unene wa milimita 12, inatakiwa ishike angalau milimita 12 za nyuzi. Subaru na Nissan nyuzi zao zimepishana milimita 1.25, kwa hiyo nati izunguke karibu mara kumi kabla haijabana, Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ni 1.5, mizunguko minane. Ukiweka spesa ya milimita 5 kwenye Subaru umepoteza mizunguko minne hapo hapo, sasa kama bolti ni zile fupi za kiwandani unabaki na nini? Unatakiwa uweke bolti ndefu. BMW ambazo bolti zinatoka kabisa, unanunua bolti zilizozidi kwa unene ule ule wa spesa. Na hapo hapo niseme, hizo nati za 1.25 na 1.5 kwa macho zinafanana, nimeona sana fundi anapoteza nati ya Subaru anachukua ya Toyota kwenye kopo, inaingia kwa shida, anailazimisha kwa spana, nyuzi zimekufa na kesho nati inalegea.

Hizi nene zina bolti zake, unaifunga spesa kwenye habu kwanza halafu rimu inafungwa kwenye spesa. Nzuri zinachongwa kwa aluminiamu ngumu, daraja la 6061-T6 au 7075-T6, na zina kitako kinachokaa kwenye habu na kingine cha kupokea rimu. Shida ya hizi ni pale mtu anapotaka ya milimita 15. Bolti za gari ni ndefu kuliko 15, zinachomoza mbele ya spesa, na kama rimu haina mashimo nyuma ya kuzimeza basi rimu inakalia ncha za bolti badala ya kukalia spesa. Kuna kijana wa mtaani kwetu Altezza yake ilikuwa inalia mlio wa ajabu nyuma, aliambiwa ni beringi akabadilisha, mlio ukabaki, tukaja kufungua tukakuta rimu ina alama tano zilizochimbwa na bolti na nati zake zote zimelegea, alikuwa anatembea na mke na mtoto mchanga. Aliyemfungia anajiita fundi wa magari ya spoti. Kwa kweli iliniuma sana ile, kwa sababu spesa ya milimita 25 ingekaa vizuri au angekata zile ncha, na alishalipa pesa ya kazi.

Zipo pia za kuchongesha kwa chuma chochote kilichookotwa, zipo za kubebanisha mbili, na wapo wanaoweka washa nyuma ya rimu. Sina maneno marefu hapo, ni kuua.

Kubana nati nako ni balaa. Toyota nyingi ndogo kitabu kinasema nyutoni mita 103. Fundi anapiga kwa mashine ya upepo mpaka ilie, au anasimama juu ya spana kwa uzito wake wote, bolti inavutika, siku ya siku inakatika. Mwingine anabana kidogo inalegea. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kubana, ni kifaa cha kawaida tu, gereji inayofunga rimu za magari ya mwendo bila toki renchi isiitwe gereji. Na habu ipigwe brashi ya waya kwanza, sisi wa pwani kutu ya chumvi tunaijua, ukifunga spesa juu ya kutu, kutu ikisagika nati zote zinalegea zenyewe. Halafu baada ya kilomita 100 hivi rudi zikabanwe tena.

Kuhusu ukubwa, najua watu watanikasirikia. Impreza aliyoshindia Colin McRae Safari Rally ya 1997, na ile ya Richard Burns ya 2000, zilikimbia vumbi la Kenya na rimu za inchi 15, zile za 18 ziliwekwa kwenye mashindano ya lami. Walikuwa na hela ya kuweka chochote, wakaweka 15 kwa sababu tairi nene ndo linalobeba shimo. Tairi la 225/45R17 lina ubavu wa milimita 101, ukienda 225/40R18 unabaki na 90, 225/35R19 ni 79. Kipenyo kizima kinakaribiana ndo maana mtu haoni tofauti, ila kile kilichopungua ni mpira na kilichoongezeka ni aloi ya kupasuka. Kwa mashimo ya Tabata na Kinyerezi mvua zikishanyesha, 17 inatosha, 18 ni mwisho, 19 acha.

Na kopi. TE37, rimu ya kampuni ya RAYS ya Japani iliyotoka 1996, imefuliwa kwa mgandamizo, ni nyepesi na ngumu, ile kopi yake imemiminwa tu, sura moja mwili mwingine. Angalia alama ya JWL ambayo ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na VIA inayoonyesha imesajiliwa baada ya kupimwa na chombo kingine nje ya mtengenezaji. Alama zinaghushiwa, najua, kwa hiyo angalia pia mzigo ulioandikwa kwa kilo, na za mtumba zigeuze nyuma utafute mstari wa kuchomelewa chini ya rangi mpya. Ujerumani rimu au spesa ambayo siyo ya kiwandani inatakiwa iwe na cheti chake kabla gari halijaingia barabarani nayo, na hawajapiga marufuku, wamedai karatasi.

Ombi langu basi kwa wauzaji, kila seti iwe na kibandiko: upana, ET, PCD (ile 5x100 au 5x114.3), tundu la katikati, mzigo. Nyingi zimeshaandikwa kwenye rimu yenyewe, ni kunakili tu, na tundu la katikati linapimwa kwa dakika moja. Wizara na jeshi la polisi usalama barabarani waanzie hapo na kwenye mashine za kutanua matundu.

Na wewe ndugu ambaye gari lako lina spesa sasa hivi, mwisho wa wiki hii inua gari, toa tairi. Angalia kama spesa imekamata kitako cha habu au inaning'inia. Angalia kama kuna ncha za bolti zimechomoza. Rudisha tairi uzungushe nati kwa mkono huku unahesabu, Toyota ikikataa kabla ya minane au Subaru kabla ya kumi, toa hiyo spesa hapo hapo urudishe tairi bila spesa.

Wako,
Mpenzi wa magari ya spoti,
Tabata, Dar es Salaam