Oili ya sintetiki isiwe kisingizio cha kuchelewesha sevisi ya pikipiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie suala ambalo waendesha pikipiki hulijadili kila wanapokutana, na ambalo kwa maoni yangu hujibiwa kwa wepesi uliopita kiasi: oili ya sintetiki imwagwe baada ya kilomita ngapi? Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa oili hiyo ni ghali na imetengenezwa kwa ustadi zaidi, mtu anaweza kuzidisha mara mbili au hata mara tatu umbali aliouzoea alipokuwa akitumia oili ya kawaida. Wapo pia wasiomwamini mtengenezaji yeyote, ambao humwaga kila oili, iwe ya bei gani, kila baada ya kilomita 1,000. Makundi yote mawili huitazama chupa, nami naona kwamba wangeitazama injini wangepata jibu bila kubishana.

Sifa za oili ya sintetiki ni za kweli na sina nia ya kuzibeza. Oili ya kawaida husafishwa kutoka kwenye mafuta ghafi na hubaki na molekuli za ukubwa na maumbo mbalimbali, ilhali ya sintetiki hupitishwa katika hatua za kikemia zinazofanya molekuli zake zikaribiane kufanana. Kwa sababu hiyo haiwi nzito mno wakati wa baridi, hufika upesi kwenye kichwa cha silinda injini inapowashwa, hupotea kidogo kwa kuvukiza, na huchelewa kuharibiwa na joto. Pikipiki inayopozwa kwa upepo, ikipandisha mlima kwa gia ya pili huku imebeba mzigo mzito, hupata faida ya wazi. Hata hivyo joto ni sababu moja tu ya oili kuchakaa, na katika pikipiki mara nyingi siyo inayotangulia.

Tofauti kubwa kati ya pikipiki na gari iko hapa. Katika magari mengi injini ina oili yake na giaboksi ina yake. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne, oili ile ile inayolainisha pistoni na krenki ndiyo inayopita katikati ya meno ya gia, na ndiyo inayoloweka sahani za klachi. Sasa, oili yenye alama kama 10W-40 (10W ni daraja la uzito wake ikiwa baridi, na 40 ni la uzito wake ikiwa moto) hupata uwezo wa kutokuwa nyepesi mno inapochemka kwa msaada wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyochanganywa humo kiwandani. Meno ya gia yanapokutana kwa nguvu huikata minyororo hiyo, na ikishakatwa haiungiki tena. Ndiyo maana oili iliyoingia ikiwa ya daraja la 40 huweza kufanya kazi kama ya daraja la 30 muda mrefu kabla joto halijaigusa kwa madhara. Ni kweli kwamba oili nzuri ya sintetiki huhitaji polima kidogo zaidi, na hivyo huhimili msagiko huo vizuri zaidi. Lakini kuhimili zaidi si sawa na kutochakaa, na hakuna maandishi ya mbele ya chupa yanayomwambia mnunuzi polima iliyomo ni kiasi gani au ni imara kiasi gani.

Mwendeshaji makini hulihisi jambo hili mguuni kabla ya kuliona kwa macho. Gia zilizokuwa zikiingia kwa ulaini huanza kugonga, nyutro hutafutwa kwa taabu pikipiki ikiwa imesimama na injini imechemka, na mlio wa mashine hupanda kidogo baada ya mwendo mrefu. Dalili hizo zikitokea wakati kilomita za sevisi bado, si busara kungoja kilomita zitimie.

Kuna pia suala la ujazo. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hubeba takriban lita moja ya oili, na hiyo lita moja ndiyo hupokea masizi ya mwako, unyevu, petroli inayopenya kando ya ringi za pistoni, vumbi la sahani za klachi na chembe za chuma kutoka kwenye gia. Baadhi ya injini hizo hazina filta ya karatasi. Zina chujio la waya tu, ambalo hukamata vipande vikubwa na kuziacha chembe ndogo ziendelee kuzunguka. Uchafu huo hauulizi oili ilinunuliwa kwa bei gani. Dawa yake ni moja: kuumwaga nje pamoja na oili iliyoubeba.

Hesabu ya kilomita nayo ina kasoro ambayo huzungumzwa mara chache. Injini haijui imetembea umbali gani. Inachokijua ni kwamba imezunguka. Pikipiki inayokwenda safari ndefu kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa hukamilisha kilomita 6,000 baada ya saa 100 za kufanya kazi. Nyingine ya aina hiyo hiyo, inayopenya kwenye msongamano wa mjini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, huzikamilisha kilomita hizo hizo baada ya saa 300, tena katika hali mbaya zaidi, kwa maana upepo wa kuipoza ni kidogo, gia hubadilishwa kila mara na klachi hushikwa nusu nusu. Mita ya kilomita huwaonyesha wenye pikipiki hizo mbili namba moja, lakini oili zao hazifanani hata kidogo.

Safari fupi mno zina ubaya wake wa namna nyingine. Injini inapowashwa asubuhi na kuzimwa baada ya dakika chache, oili haifikii joto la kuvukiza maji na petroli vilivyoingia ndani yake. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta utando mweupe kama maziwa, maana yake ni kwamba maji yanakusanyika. Na ukikinusa kijiti cha kupimia kikanuka petroli kwa ukali, oili imeshaanza kuwa nyepesi. Katika hali hiyo sintetiki bora kuliko zote duniani inapaswa kumwagwa, hata kama ina wiki chache tu tangu iwekwe.

Kwa hiyo nashauri tuanze na kitabu cha mtengenezaji. Pikipiki ndogo nyingi hupangiwa kati ya kilomita 3,000 na 6,000, na baadhi ya zile kubwa za kisasa zinazopozwa kwa maji hufika 10,000 au hata 12,000. Namba ya kitabuni hutolewa kwa matumizi ya kawaida, na vitabu vingi huelekeza kuipunguza mahali penye vumbi, mizigo au msongamano. Anayefanya kazi na pikipiki kutwa nzima mjini, kwa maoni yangu, aichukue namba hiyo na kuigawa kwa mbili, awe ameweka sintetiki au ya kawaida, na faida ya sintetiki aihesabu kuwa ni ulinzi wa ziada kwa injini badala ya kuihesabu kuwa ni kilomita za ziada. Asiyetembea sana amwage mara moja kwa mwaka hata kama kilomita hazijatimia. Injini mpya isisubiri chochote: oili yake ya kwanza humwagwa kati ya kilomita 500 na 1,000 kama kitabu kinavyoagiza, kwani ndiyo inayobeba chembe za chuma za vyuma vinavyozoeana. Pikipiki za mipigo miwili sizizungumzii, maana zenyewe huichoma oili ya injini pamoja na petroli, na kinachobadilishwa ni oili ya giaboksi peke yake.

Wale wa kilomita 1,000 wana nia njema, nao hawaiharibu injini kwa kupenda oili safi. Tatizo ni kwamba wengi wao huongozwa na rangi. Oili ya injini hutiwa kemikali za kusafisha ambazo kazi yake ni kuyashika masizi yasigande kwenye vyuma, na kwa hiyo oili iliyogeuka nyeusi huenda inafanya kazi yake sawasawa. Aidha, kila sevisi maana yake ni kufungua na kukaza boliti ya chini kwenye bloku ya aluminiamu, na fundi mwenye haraka, anayekaza kwa nguvu zote za mkono na kurudishia washa ile ile iliyokwisha bapa, huweza kuzila nyuzi za tundu hilo mpaka oili ianze kuvuja tone kwa tone. Anayetaka kuihudumia injini yake zaidi ya kitabu atafaidika zaidi akiichunguza boliti hiyo inapotoka: zile zenye sumaku hutoka na tope laini la kijivu, ambalo ni la kawaida, lakini vipande vinavyoonekana kwa macho au kuhisika vidoleni ni habari ya kupelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo ningependa lipewe uzito kuliko ubishi wote wa kilomita ni kipimo cha oili kati ya sevisi moja na nyingine. Injini inayobeba lita moja ya oili ikila robo lita, imepoteza sehemu ya nne ya oili yake yote, na zile tatu zilizobaki zinafanya kazi ya nne kwa joto kubwa zaidi. Injini nyingi zinazonoki hunoki kwa kukaukiwa, huku mwenyewe akisema kwamba sevisi bado. Kupima si kazi kubwa: pikipiki isimame wima mahali tambarare, isiegemee stendi ya pembeni, injini iwe imewashwa dakika chache kisha ikazimwa na kuachwa oili ishuke. Kijiti kifutwe, kirudishwe na kusomwa, kwa kuzingatia kwamba katika pikipiki nyingine hukazwa ndipo kisomwe, na katika nyingine huwekwa tu bila kukazwa. Wala isijazwe kupita alama ya juu, kwa sababu oili iliyozidi huchapwa na krenki ikatoka povu, na povu halilainishi.

Katika ununuzi, neno sintetiki peke yake halitoshi. Pikipiki ambayo klachi yake inaoga katika oili ya injini inahitaji oili yenye alama ya JASO (viwango vya Kijapani vya oili) ya MA, MA1 au MA2, ambayo imepimwa ili sahani za klachi zishikane. Alama ya MB ni ya oili yenye msuguano mdogo, inayofaa skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini. Oili za gari zilizokusudiwa kupunguza matumizi ya petroli, hata zikiwa sintetiki za hali ya juu, zinaweza kuifanya klachi iteleze, na mwendeshaji akapandisha resi bila pikipiki kuongeza mwendo.

Mwisho nina ombi kwa watengenezaji na wasambazaji wanaoziuza pikipiki hizi kwa watu wasomao Kiswahili. Kitabu cha mwongozo hubaki nyumbani kabatini, au hupotea pikipiki inapouzwa kwa mtu wa pili, na hapo ndipo kila mmoja huanza kusikiliza la jirani. Kibandiko kimoja chini ya kiti, kwa Kiswahili, kinachotaja ujazo wa oili, daraja lake, alama ya JASO inayotakiwa, na umbali wa sevisi kwa matumizi ya kawaida na kwa matumizi magumu, kingemfikia kila mmiliki na kila fundi anayeifungua pikipiki hiyo.

Wako,
Msomaji na mwendesha pikipiki