Mwizi wa mtandaoni hapangi foleni Tunduma

Ndugu Mhariri,

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma, mwaka wa kumi na moja sasa natoa mizigo ya Zambia na Kongo.

Machi iliyopita mtu aliingia kwenye barua pepe ya ofisi yangu, akakaa kimya mpaka nilipomtumia mteja wa Ndola ankara ya usafiri. Alibadilisha namba ya akaunti tu. Mengine yote, hata salamu zangu kwa mke wa mteja, aliyaacha. Kwacha 38,000 zikaenda. Ofisi moja upande wetu ikaniambia akaunti iko Zambia, nivuke. Nikavuka. Kule nikaambiwa barua pepe iliyoingiliwa ni ya Tanzania, nirudi. Nilivuka mpaka mara nne kwa siku mbili, na mwizi hakuvuka hata mara moja.

Inaniuma kwa sababu kwa malori tumeweza. Tangu 2019 maofisa wa forodha wa nchi hizi mbili wanahudumia kwa pamoja hapa mpakani.

Estonia iliposhambuliwa mtandaoni mwaka 2007, benki, magazeti na tovuti za serikali ziliyumba. Mwaka uliofuata, yenyewe na washirika wake wa NATO walianzisha kituo cha pamoja Tallinn, na tangu 2010 wanafanya mazoezi ya ulinzi kila mwaka. Sisi Afrika tulipitisha mkataba wetu wa usalama wa mtandao Malabo, Juni 2014. Ulianza kutumika Juni 2023. Miaka tisa, Mhariri!

Katikati ya miaka hiyo, Juni 2017, kirusi kilichopenyezwa Ukraine kupitia programu ya kodi kiliangusha mifumo ya kampuni ya meli ya Maersk, ambao makontena yao nayahudumia kila wiki. Kompyuta 45,000 zilibidi kuwekewa programu upya. Nakala muhimu ya mfumo wao iliyowainua ilipatikana Ghana, ikiwa salama kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Hatuwezi kutegemea bahati ya namna hiyo.

Naziomba serikali za Dodoma na Lusaka ziweke dawati moja hapa mpakani: Mtanzania na Mzambia, wenye mamlaka ya kuagiza benki ya upande wowote izuie fedha saa ile ile. Benki ilimweleza mteja wangu kwamba hela yake ilitolewa siku ya tatu. Siku zile mbili nilizokuwa navuka na kurudi, ilikuwa bado ipo.

Wakala wa forodha,
Tunduma, Songwe