Mtaala wa sayansi uanze na chembe

Mhariri,

Wanaopanga mtaala wa sayansi kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 hubishana sana kuhusu mada zipi ziingie, na mara chache kuhusu ipi itangulie. Naona mpangilio ndio kiini. Usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, maji na hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi) ukifundishwa kabla mtoto hajaelewa kwamba maada imeundwa na chembe, na kwamba gesi nayo ina uzito, atakariri tu. Muulize mti mkubwa umepata wapi uzito wake, atakujibu: kwenye udongo.

Katika karne ya 17, mwanasayansi Jan Baptist van Helmont alipanda mche ndani ya chombo chenye udongo alioupima, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70; udongo ulipungua gramu 60 hivi. Alihitimisha kwamba uzito wote ulitokana na maji, kwa kuwa hewa ya ukaa hakuihesabu. Darasa likichambua kosa hilo, kemia, biolojia na upimaji vinakutana katika kipindi kimoja.

Nawasihi wapangaji wapunguze mada na kuongeza muda wa majaribio, hata ya mizani na chupa tu. Na mitihani iulize "kwa nini", la sivyo walimu watalazimika kukaririsha.

Mwalimu wa sayansi