Mjomba, nimekupatia askari anayechoka

Mjomba, shikamoo.

Unakumbuka ile Jumapili tuliyotazama sinema kwako, mpelelezi akamnasa muuaji kabla jua halijazama, nawe, askari wa miaka mingi, ukauliza, "Na jalada la kesi kaandika nani?" Sisi tulicheka. Wewe uliinuka ukaenda kulala.

Basi nimepata wa kwako. Ni mchezo wa redio, mkongwe hasa: Dragnet, ulioanza kurushwa na shirika la utangazaji NBC la Marekani Juni 1949. Chanzo chake ni malalamiko kama yako. Mwaka 1948 mwigizaji Jack Webb alishiriki sinema ya kipolisi, na mshauri wao alikuwa Marty Wynn, sajini wa polisi wa Los Angeles. Wynn akamwambia polisi wa maigizoni hawafanani na wa kweli. Webb akaanza kuzunguka na askari kwenye magari ya doria, akisikiliza wanavyosemezana. Ndipo akamzaa Sajini Joe Friday, akamwigiza mwenyewe.

Friday hana maajabu, mjomba. Anakutajia siku, hali ya hewa, idara aliyopangiwa zamu na mkubwa wake, kisha anaanza kugonga milango. Huyu hajui kitu, yule ana maneno mengi yasiyo na msaada. Simu inapigwa, jibu linasubiriwa. Viatu unavisikia vikitembea ukumbini hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na sauti ya Friday haipandi hata akiwa mbele ya muuaji.

Anza na kipindi cha tarehe 22 Desemba 1949. Mtoto ametoweka karibu na Krismasi. Wanaokota ganda la risasi, wanaona damu. Hakuna jambazi. Kuna bunduki ndogo iliyofichwa iwe zawadi ya sikukuu, na watoto wawili walioifungua mapema. Nilisikiliza usiku, nikazima redio, nikakaa gizani kidogo.

Lakini nisikufiche. Visa vilitoka kwenye majalada halisi, majina tu ndiyo yaliyobadilishwa, na idara ya polisi ya Los Angeles yenyewe ilikuwa ikiipitia miswada kabla haijarushwa. Anayefunguliwa kabati la majalada hawezi kumsema vibaya mwenye kabati. Askari mla rushwa, au mahabusu anayepigwa, usimtarajie sana humo. Wewe uliyekaa kituoni miaka yote ile utajua wapi wameruka.

Mwishoni msimulizi hutangaza mshtakiwa alivyohukumiwa, kwa sauti kavu kama karani wa mahakama. Hapo najua utatikisa kichwa na kusema, "Eeh, sasa."

Vipindi nimevitia kwenye flashi, nimempa mama akuletee. Mwambie kijana wako aichomeke kwenye ile redio ya sebuleni. Na uwe na kalamu karibu. Makosa yao nayataka kwa maandishi.

Mpwa wako.