Vijiji viruhusiwe kumiliki minara midogo ya simu

Ndugu Mhariri,

Kila Bunge la bajeti likifika, wabunge wa pembezoni husimama kuomba minara, na jibu huwa kata husika imo kwenye awamu ijayo. Sibezi kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF). Mei 2023 ilisainiwa mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini kwa ruzuku ya serikali, na waliofikiwa wanashukuru. Ninachohoji ni aina ya mnara wenyewe. Tunaletewa mnara uleule mkubwa, wenye kuhitaji jenereta na dizeli pale umeme usipofika, mlinzi, na gari la fundi kutoka makao makuu ya mkoa wakati wa masika. Kwa kijiji cha kaya mia mbili, hesabu hiyo haitalipa hata siku moja.

Huku vijiji vya ndani vya Liwale, msimu wa malipo ya korosho, mkulima hupanda kichuguu na kitochi chake mkononi, akakiinua mpaka mtandao ushike, ndipo meseji ya malipo iingie. Mwenye laini mbili hupanda mara mbili, maana kila kampuni ina kichuguu chake.

Kuna waliofanya vingine. Mwaka 2013 wanakijiji wa Talea de Castro, mji mdogo wa milimani jimboni Oaxaca, Meksiko, walichoka kuzisubiri kampuni wakajijengea mtandao wao kwa msaada wa shirika la Rhizomatica. Kilichohitajika ni kituo kidogo cha redio, antena, kompyuta yenye programu huria na kiungo cha intaneti. Siri ya unafuu ni kwamba simu ya mwanakijiji kwa jirani yake haitoki kijijini. Kompyuta iliyopo hapohapo ndiyo inayowaunganisha. Zinazokwenda nje tu ndizo hupita kwenye intaneti. Walilipa peso 15 kwa mwezi. Njia za kupitisha simu zilikuwa chache, kwa hiyo waliwekeana kikomo cha dakika tano kwa simu za kijijini, jambo ambalo baadhi ya shangazi zangu lingewashinda. Mwaka 2016 shirika la jamii hizo, Telecomunicaciones Indígenas Comunitarias, lilipewa kibali rasmi cha kutumia masafa ya mawimbi ya redio katika majimbo matano.

Lakini tusinakili kila kitu. Kampuni kubwa ilipofika Talea, wengi waliuacha mtandao wao. Kwetu ingekuwa vigumu zaidi, kwa sababu Mtanzania wa kijijini hanunui simu kwa ajili ya kuongea tu. Anatumiwa hela na mtoto aliye Dar, analipia pembejeo, anatoa kwa wakala. Mtandao wa kijiji usiofanya miamala utaachwa ndani ya wiki.

Kwa hiyo mnara mdogo wa kijiji ubebe laini zilezile za kampuni tulizonazo, ambazo zimeshasajiliwa kwa alama za vidole. Kijiji kimiliki nguzo, sola na betri na kuvitunza. Kampuni ilete masafa na huduma zake, kisha ikilipe kijiji sehemu ya mapato. Vifaa vya namna hii hutumia umeme mdogo, na vijana wanaofunga sola majumbani wakifundishwa watavimudu. Kampuni ikikataa kuja, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iwe na uwezo wa kukiruhusu kijiji kuyatumia masafa yaliyolala bure porini. Sioni hasara ya mtu hapo, maana mawimbi ambayo hakuna anayeyatumia Liwale hayahifadhiwi ghalani yakauzwe Kariakoo.

Jirani zetu Kenya walishachapisha utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021. Sisi anayetaka kuanza hukutana na masharti yaliyoandikwa kwa kampuni kubwa, akaishia kwenye fomu.

Naiomba TCRA itenge leseni nafuu kwa vyama vya ushirika na serikali za vijiji, na UCSAF iruhusiwe kuwapa ruzuku wao moja kwa moja badala ya kampuni pekee. Ianze hata wilaya moja. AMCOS zetu, yaani vyama vya ushirika vya mazao, zimesajiliwa, hesabu zake hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na huku eneo la kusimika nguzo halijawahi kuwa tatizo.

Mkulima wa korosho,
Liwale, Lindi