Mpunga wa Chupani

Morogoro,
21 Juni

Mpendwa Atupele,

Habari za Kyela? Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie ule mchele aliotutumia wageni wameshaumaliza.

Umeniuliza kama ni kweli siku hizi nalima mpunga kwenye chupa. Silimi, dada, naotesha tishu zake, yaani vinyama vya mmea wenyewe. Naanza na mbegu kavu. Naimenya maganda kwa mkono, punje moja moja, naziosha kwa spiriti ya asilimia 70, kisha nazilaza kwenye jiki iliyozimuliwa kama nusu saa. Kijidudu kimoja kikipona, ukungu unakula chupa nzima, maana mle ndani kuna sukari gramu 30 kwa kila lita.

Pamoja na sukari kuna madini, vitamini, agari ya kugandisha, na 2,4-D. Ndiyo, ileile mnayopulizia magugu shambani! Huku tunatia miligramu 2 tu kwa lita, na badala ya mbegu kutoa mzizi na jani, kiini chake kinaanza kuumuka. Baada ya wiki kadhaa gizani unapata kibonge cha njano iliyopauka, kina vinundu kama mayai ya samaki. Tunakiita kalasi. Kilicholowa majimaji au kugeuka kahawia natupa, hakina mmea humo.

Kazi ngumu ni kukirudisha kuwa mpunga. Tunakihamishia kwenye chakula chenye homoni ya kuchipusha, tunakiweka kwenye taa, tunavizia alama za kijani. Mpunga wa aina ya japonika kwa kawaida hausumbui sana. Wa indika, ambao ndio mwingi nchi za joto, ni mkaidi kwelikweli. Na kuna miche inayotoka myeupe pee, isiyo na kijani hata chembe. Inanitia huruma: inaishi kwa sukari ya chupani, ukiipeleka kwenye udongo inakufa.

Shemeji najua atacheka, atasema wasomi wanachezea chupa. Mwulize kama amewahi kusikia mpunga wa NERICA. Miaka ya 1990 Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake waliuchanganya mpunga wa Asia na ule wa asili wa Afrika, mvumilivu lakini wenye mavuno haba. Mbegu za mseto huo ziligoma, ikabidi viinitete vichanga viokolewe na kulelewa maabara. Mwaka 2004 Jones alipata Tuzo ya Chakula Duniani, akiwa na Yuan Longping wa China. Chupa hizihizi.

Sasa ombi. Nitumie mbegu ya mpunga wa Supa ya msimu huu, kilo moja inatosha, ila usiipitishe mashineni! Kiini kinakaa pembeni mwa punje. Ikikobolewa kinaondoka na pumba, nami nabaki na wali tu. Mpe kondakta, kisha unipigie uniambie ni basi gani.

Wako,
Neema